Kompyuta ya nyumbani inapokataa kufikiwa kutoka mbali: dalili, vyanzo na tiba

Hitilafu za kufikia kompyuta kutoka mbali huchosha kwa sababu ujumbe wa kwenye skrini mara nyingi hausemi kilichoharibika. Kwa Remote Desktop, zana ya Windows ya kuingia kwenye kompyuta nyingine, ujumbe wa "Remote Desktop can't connect to the remote computer" hutokea kompyuta ikiwa imezimwa, ikiwa imelala, faiwoli (kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao) ikiwa imefunga njia, au hata kama haijawahi kuruhusiwa kupokea muunganisho. Na ule unaosema mipangilio inasimamiwa na shirika lako hutokea kwenye kompyuta ya nyumbani isiyo na shirika lolote nyuma yake.

Kinachookoa muda ni kufuata muunganisho kwa mpangilio. Kwanza, mtandao unafika? Pili, kuna huduma inayosikiliza upande wa pili? Tatu, akaunti inakubaliwa? Mwisho kabisa, kuna sera ya mfumo, yaani mpangilio wa lazima unaoshinda ule wa mtumiaji, inayozuia? Anayekimbilia kuhariri rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) wakati kompyuta imelala tu, huishia kuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Maelezo haya yanahusu Windows 10 na 11. Kompyuta ya mbali ni ile unayotaka kuingia ndani yake. Amri zote ziendeshwe kwenye PowerShell (dirisha la Windows la kuandika amri) iliyofunguliwa kwa haki za msimamizi.

Anza na toleo la Windows

Bonyeza Windows na R, andika winver. Ukiona Home, hapo hapo umepata jibu la nusu ya maswali. Windows Home inaweza kutumika kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa Remote Desktop, lakini yenyewe haipokei. Pro, Enterprise na Education ndizo zinazopokea. Hakuna mpangilio uliofichwa wa kuwasha.

Toleo hilo hilo la Home halina gpedit.msc wala secpol.msc, zana za kuweka sera, ndiyo maana ukiziandika unaambiwa Windows haizioni. Faili halijapotea na kompyuta si mbovu. Mtandaoni kuna hati za amri zinazosakinisha gpedit kwenye Home. Dirisha hufunguka kweli, lakini sera nyingi ukiziweka hazifanyi kazi, nawe unabaki ukidhani umezuia kitu ambacho hakijazuiwa. Vivyo hivyo kwa programu zinazoilazimisha Home ipokee Remote Desktop: zinategemea muundo wa ndani wa faili la termsrv.dll, na Windows ikisasisha faili hilo, zinakufa, mara nyingi siku ambayo uko mbali na unaihitaji kompyuta. Kwa Home tumia Quick Assist kama kuna mtu upande wa pili, au programu kama Chrome Remote Desktop au RustDesk kama hakuna mtu. La sivyo, pandisha toleo liwe Pro.

Dalili: muunganisho haufiki kabisa

Tumia anwani ya IP badala ya jina la kompyuta. Kama IP inakubali na jina linakataa, tatizo ni utafutaji wa majina tu. Kwenye programu ya simu au ya Mac, kosa la 0x104 kwa kawaida huashiria kwamba kompyuta haikupatikana, na 0x204 kwamba muunganisho haukufanikiwa. Kisha pima poti yenyewe, yaani mlango wa mtandao ambao Remote Desktop hutumia, namba 3389:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 3389

Tazama mstari wa TcpTestSucceeded. Ukisema True, mtandao na faiwoli havina kosa, ruka uende kwenye akaunti. Ukisema False, bado uko kwenye mtandao au huduma. Usihukumu kwa ping: faiwoli ya Windows mara nyingi huzuia ping huku poti ya 3389 ikiwa wazi, kwa hiyo ping kushindwa si ushahidi wa lolote.

Nenda kwenye kompyuta ya mbali yenyewe, au mwombe aliye karibu nayo, uendeshe qwinsta. Lazima kuwe na mstari wa rdp-tcp wenye hali ya Listen. Kama haupo, huduma haisikilizi. Angalia kama imeanza kwa Get-Service TermService, halafu soma thamani hii:

reg query "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Terminal Server" /v fDenyTSConnections

0x0 ni ruhusa, 0x1 ni katazo. Swichi ya Remote Desktop kwenye Settings, sehemu ya System, hubadilisha thamani hiyo hiyo. Kama swichi imefifia na haibonyezeki, au umewasha na bado inakataa, kuna thamani ya pili yenye jina hilo hilo chini ya HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows NT\Terminal Services. Ya huko ni sera, na sera hushinda swichi siku zote. Tutairudia.

Kama rdp-tcp inasikiliza lakini poti haifikiki, shuku faiwoli. Endesha Get-NetConnectionProfile uone mtandao umewekwa katika kundi gani. Baada ya kubadilisha ruta au jina la Wi-Fi, Windows huuona mtandao kuwa mpya na huweza kuuweka kwenye Public, ambako kanuni hubana zaidi. Mtandao wa nyumbani unaouamini uhamishie kwenye Private:

Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Wi-Fi" -NetworkCategory Private

Kisha washa kanuni za Remote Desktop:

Enable-NetFirewallRule -Group "@FirewallAPI.dll,-28752"

Namba hiyo ya kundi hufanya kazi hata kama Windows yako imewekwa kwa lugha nyingine, tofauti na kutumia jina la kanuni, ambalo hubadilika kufuata lugha. Kama umesakinisha antivirasi yenye faiwoli yake, ya Windows inaweza kuwa imepumzishwa. Kanuni itafutwe ndani ya antivirasi hiyo.

Kabla ya kuondoka hapa, angalia usingizi. Kompyuta inayopatikana asubuhi na kupotea baada ya nusu saa, karibu kila mara imelala. Kwa kompyuta iliyo kwenye umeme, powercfg /change standby-timeout-ac 0 huondoa usingizi. Kwa laptopu, angalia pia kinachotokea kifuniko kikifungwa.

Inafikika nyumbani, haifikiki ukiwa nje

Hapa ndipo watu wengi hufungua poti ya 3389 kwenye ruta. Usifanye hivyo. Poti hiyo inatafutwa mtandaoni mchana na usiku na programu zinazojaribu manenosiri, na udhaifu uliotangazwa Mei 2019 kwa namba CVE-2019-0708, maarufu kama BlueKeep, uliwezesha kuingia kwenye Windows za zamani bila nenosiri lolote. Kubadilisha namba ya poti hupunguza kelele tu, hakulindi.

Tena, huenda hata ukiifungua isifanye kazi. Linganisha IP ya upande wa intaneti inayoonyeshwa na ruta na ile unayoonyeshwa na tovuti ya kupima IP. Zikitofautiana, na ya ruta ikawa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Hakuna mpangilio wa ruta utakaopenya hapo. VPN (njia ya siri inayounganisha vifaa vyako kupitia intaneti) inayoanzisha muunganisho kutoka ndani, kama Tailscale, hupita bila shida, na huondoa haja ya kufungua poti yoyote. WireGuard unayojiwekea mwenyewe inahitaji angalau upande mmoja uwe na anwani ya umma.

Dalili: muunganisho unafika, lakini nenosiri linakataliwa

Sehemu hii ndiyo yenye mitego mingi, kwa sababu nenosiri huwa sahihi kabisa na bado likakataliwa.

Mtego wa kwanza ni PIN. PIN ya Windows Hello imefungwa kwenye kifaa kimoja na haiendi kwenye mtandao. Remote Desktop ya kawaida inataka nenosiri la akaunti. Kama unaingia kwa akaunti ya Microsoft, jina la mtumiaji liandikwe MicrosoftAccount\ likifuatiwa na barua pepe yote, na nenosiri liwe lile la akaunti ya Microsoft.

Mtego wa pili umejificha zaidi. Kama tangu kompyuta isakinishwe umeingia kwa PIN au uso peke yake, kompyuta haijawahi kupewa nenosiri lako na haina nakala ya kulilinganisha. Kwenye Settings, sehemu ya Accounts, Sign-in options, zima swichi inayoruhusu Windows Hello pekee kwa akaunti za Microsoft, kisha ufunge skrini na kuingia mara moja kwa nenosiri. Unaweza pia kufanya hivyo bila kutoka, ukiwa kwenye kompyuta ya mbali:

runas /u:MicrosoftAccount\jina@mfano.com winver

Ukiandika nenosiri na dirisha la winver likafunguka, nenosiri limehifadhiwa, na Remote Desktop itakubali. Ukibadilisha nenosiri kupitia tovuti, rudia hatua hii.

Akaunti isiyo na nenosiri nayo hukataliwa, na ujumbe wake hutaja vizuizi vya akaunti na saa za kuingia, jambo linalomfanya mtu atafute ratiba ambayo haipo. Sababu ni sera ya LimitBlankPasswordUse, ambayo kwa kawaida iko 1 na huruhusu akaunti tupu kuingia mbele ya kompyuta tu. Kuibadilisha kuwa 0 kunawezekana, lakini kunamfungulia mlango yeyote aliye kwenye mtandao wako. Weka nenosiri.

Ujumbe kwamba unahitaji haki ya kuingia kupitia Remote Desktop Services maana yake akaunti si ya msimamizi wala haimo kwenye kundi linaloruhusiwa. Iongeze:

net localgroup "Remote Desktop Users" asha /add

Badala ya asha weka jina la akaunti kama linavyoonekana kwenye net user.

Ukiambiwa akaunti imefungwa kwa kujaribu mara nyingi, subiri. Kwenye Windows 11 mpya, majaribio 10 yaliyokosewa ndani ya dakika 10 hufunga akaunti kwa dakika 10. Kama inajifunga yenyewe wakati hujagusa kitu, fungua Event Viewer, kumbukumbu ya Security, utafute tukio namba 4625. Huonyesha anwani ya IP aliyotoka mwenye kujaribu. Ikiwa ya nje ya nyumba, poti yako iko wazi kwenye intaneti, ifunge leo. Ikiwa ya ndani, mara nyingi ni kifaa chako kingine kilichohifadhi nenosiri la zamani. Kwenye kompyuta unayoitumia kuunganisha, nenosiri lililohifadhiwa hufutwa hivi:

cmdkey /delete:TERMSRV/192.168.1.20

Kosa linalotaja CredSSP (utaratibu wa Windows wa kupeleka utambulisho wako kwenye kompyuta ya mbali) na "encryption oracle remediation" huonekana upande mmoja unapokuwa nyuma kwa masasisho. Mwaka 2018 Microsoft iliziba udhaifu wa CVE-2018-0886, na sasisho la Mei mwaka huo likaanza kukataa kuzungumza na kompyuta ambayo haijazibwa. Tiba ni kusasisha iliyo nyuma. Kama huwezi kuifikia ila kwa njia hii hii, weka thamani ya DWORD iitwayo AllowEncryptionOracle kuwa 2 kwenye kompyuta unayoitumia, chini ya HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System\CredSSP\Parameters, ingia, sasisha ile ya mbali, kisha ufute thamani hiyo siku hiyo hiyo.

Dalili: unaambiwa shirika au msimamizi amezuia

Ili kuonyesha ujumbe huu, Windows haichunguzi kama kuna shirika. Inachoangalia ni kama kuna thamani katika sehemu za rejista zilizotengwa kwa ajili ya sera. Ikiikuta, huonyesha ujumbe ule ule ambao mfanyakazi wa kampuni angeuona. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni nani aliyeandika thamani hiyo. Kwenye kompyuta ya nyumbani huwa ni mmoja wa hawa: programu ya "kuharakisha" Windows au kuzima ufuatiliaji, akaunti ya kazi au chuo iliyounganishwa, mmiliki wa zamani wa kompyuta iliyonunuliwa kwa mtu, au virusi.

Anza na akaunti. Endesha dsregcmd /status usome mistari ya AzureAdJoined na DomainJoined. YES kwenye mojawapo maana yake kweli kuna taasisi inayoisimamia kompyuta, na kufuta thamani hakutadumu. Fungua Settings, Accounts, Access work or school, uone ni akaunti gani. Kama ni yako na umeshaondoka huko, itenganishe, lakini kwanza hakikisha una akaunti nyingine ya msimamizi kwenye kompyuta hiyo na unajua nenosiri lake. Kama ni kompyuta iliyotumika na inadai ni ya kampuni usiyoijua, ni kampuni hiyo pekee inayoweza kuiachilia.

Zote mbili zikisema NO, tafuta thamani. Sehemu ni nne: SOFTWARE\Policies na SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies, kila moja chini ya HKLM (mipangilio ya kompyuta nzima) na chini ya HKCU (ya mtumiaji mmoja). Task Manager iliyozuiwa ni DisableTaskMgr, regedit iliyozuiwa ni DisableRegistryTools, Control Panel iliyozuiwa ni NoControlPanel. Zote tatu huishi katika sehemu ya pili: mbili za kwanza chini ya folda ya System, ya tatu chini ya Explorer. Swichi ya Remote Desktop iliyofifia ni ile fDenyTSConnections tuliyoitaja.

Usifute folda nzima ya Policies. Hifadhi nakala kwanza, futa thamani moja, washa upya, angalia:

reg export "HKLM\SOFTWARE\Policies" C:\sera.reg

reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows NT\Terminal Services" /v fDenyTSConnections

Wenye Pro hupotezwa na jambo moja: wanafungua gpedit, wanaona sera inasomeka Not Configured, wanahitimisha kwamba haipo. Lakini gpedit husoma faili lake lenyewe, Registry.pol, lililo ndani ya C:\Windows\System32\GroupPolicy. Programu iliyoandika moja kwa moja kwenye rejista haigusi faili hilo, kwa hiyo gpedit haioni kitu wakati katazo linafanya kazi. Tiba ni kufuta kwenye rejista. Kinyume chake pia hutokea: unafuta kwenye rejista, thamani inarudi baada ya gpupdate (amri ya kusoma sera upya), kwa kuwa imo kwenye Registry.pol. Hiyo iondolewe kupitia gpedit. Thamani inayorudi bila kuwamo kwenye Registry.pol inaandikwa na programu. Angalia Task Scheduler, fanya uchunguzi kamili wa virusi, na uitoe ile programu ya kuharakisha kama ipo.

Gpupdate /force ikishindwa na Event Viewer ikaonyesha tukio la 1096, Registry.pol imeharibika. Lipe faili la ndani ya folda ya Machine jina jingine, mfano Registry.zamani, kisha rudia gpupdate /force. Windows itaunda jipya, lakini sera za kompyuta ulizoweka kwa gpedit zitapotea, ziandike kabla. Na kama gpedit inafunguka kwa onyo kuhusu WindowsLocationProvider, ni faili la LocationProviderADM.admx lililobaki C:\Windows\PolicyDefinitions baada ya kupandisha toleo la Windows 10. Liondoe, halina kazi tena.

Folda ya mtandao inayokatazwa kwa "sera za usalama za shirika"

Kompyuta ilikuwa ikifungua folda kwenye hifadhi ya mtandao au ruta yenye USB, na baada ya kupandishwa hadi Windows 11 24H2 inakataa, ikitaja katazo la wageni wasiothibitishwa au kosa la 1272. Hapa hakuna aliyeandika sera: Microsoft yenyewe iliacha kuruhusu kuingia kama mgeni kwenye Pro, na Pro hiyo hiyo sasa hudai sahihi kwenye kila mawasiliano ya SMB, mfumo wa kushirikiana folda kwenye mtandao. Fungua akaunti yenye nenosiri kwenye hifadhi hiyo, ingia kwa akaunti hiyo, na ujumbe utaondoka. Thamani ya AllowInsecureGuestAuth itatajwa kwako kama njia ya mkato, lakini inairudisha kompyuta kwenye hali ya kuamini kifaa chochote kinachojiita hifadhi yako.

Umeingia, lakini skrini ni nyeusi au inakatika

Jaribu Ctrl, Alt na End pamoja. Kama menyu inatokea, muunganisho ni mzima na kilichokwama ni eneokazi: fungua Task Manager, anzisha explorer.exe upya. Kama hakuna kitu, punguza ukubwa wa skrini na uzime uhifadhi wa picha kwenye kichupo cha Experience kabla ya kuunganisha. Weusi unaorudi kila mara kwenye kompyuta yenye kadi ya michoro mara nyingi ni draiva. Sasisha draiva, na ikishindikana zima sera ya kutumia draiva ya WDDM kwa Remote Desktop, iliyo kwenye gpedit chini ya Remote Session Environment.

Ikiwa nenosiri linapita halafu picha inaganda, na hutokea kupitia VPN tu, shuku vipande vya data vikubwa kuliko njia inavyobeba. Shusha MTU (ukubwa wa juu wa kipande) ya WireGuard kutoka 1420 hadi 1280. Kama bado, zima UDP (njia mojawapo ya kusafirisha data) upande unaotumia kwa thamani ya fClientDisableUDP kuwa 1, chini ya HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows NT\Terminal Services\Client.

Kwa programu za msaada kama AnyDesk au RustDesk, weusi unaotokea pale tu Windows inapoomba ruhusa ya msimamizi una chanzo chake. Ombi hilo huonyeshwa kwenye eneokazi lililotengwa, ambalo programu iliyoendeshwa bila kusakinishwa haina haki ya kuliona. Isakinishe kama huduma, iendeshwe kwa haki za mfumo. Wapo wanaoshauri kuzima eneokazi hilo kwa PromptOnSecureDesktop. Usikubali, hasa ukiombwa na mtu aliyekupigia simu bila wewe kumtafuta.

Ukiwa unarekebisha faiwoli au sera za kompyuta ambayo wewe mwenyewe umo ndani yake kwa mbali, jiwekee njia ya kurudi kwanza. Hifadhi kanuni zilizopo kwa netsh advfirewall export C:\kabla.wfw, na uhakikishe programu ya pili ya kuingia inafanya kazi. Kisha badilisha kitu kimoja, funga muunganisho, unganisha upya ujaribu, ndipo uende kwenye kinachofuata.